Umepiga Pasi Tu

Jumatatu, 3 Machi

Daktari kaniagiza niandike. Anataka kila siku nieleze nilivyolala, nilichoota na nilichofanya usingizini, halafu nimpelekee kila mwisho wa mwezi. Nikamwambia mtu aliyelala hajui alichofanya, ndiyo maana ya kulala. Akasema, "Asubuhi muulize mama." Ana majibu, yule binti. Ugonjwa niugue mimi, na kazi ya kuandika nipewe mimi.

Haya, tuanze. Mimi ni dobi. Nafua na kunyoosha nguo za watu katika duka lililo mbele ya nyumba yetu, mimi na mke wangu, tangu watoto hawajazaliwa mpaka sasa wako makwao. Nina ugonjwa wa kutetemeka ambao daktari anauita pakinsoni. Mkono wa kulia unacheza bila ngoma. Miguu inakwama kila nikifika mlangoni. Sauti imekwisha, nikimwambia mteja karibu, ananiuliza, "Eti?" Na mwandiko ndio huu unaouona, daktari: mstari unaanza na herufi za ukubwa wa maharage na kuishia na za ukubwa wa mchele.

Usingizi: mbaya. Ndoto: mwizi anaanua nguo za wateja kwenye kamba, namfukuza. Nilichofanya: nimemuuliza mke wangu. Amesema, "Umepiga pasi tu."

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Mwizi yuleyule. Nimepiga pasi tu, anasema.

Jumapili, 9 Machi

Nataka daktari aelewe jambo moja, maana hospitali nikifika husahau.

Nikiwa macho kitandani, siwezi kujigeuza. Mwili unakuwa gogo. Nikilalia ubavu wa kushoto, basi ni wa kushoto mpaka mke wangu aamke, anisukume mgongoni kwa goti na kunivuta bega, na yeye mwenyewe umri umekwenda. Anafanya hivyo kila usiku, na si mara moja. Halafu nikishikwa na usingizi, huyu gogo anakimbia! Katika ndoto naruka mitaro. Mikono imetulia tuli. Nafoka, na sauti inatoka nzima, ile niliyokuwa nikimwitia mteja akiwa ng'ambo ya barabara. Mke wangu anasema inatoka kweli. "Unanguruma, baba watoto. Nasikia sauti yako ya zamani."

Sasa niambieni, huu ni ugonjwa au ni kejeli? Nguvu ninazo, ila zinakuja saa ambayo mimi mwenyewe sipo.

Jumatano, 12 Machi

Nguo hazikauki. Dobi wakati wa mvua anatwanga maji kinuni. Usingizi wa mang'amung'amu. Leo eti nilipiga deki. Nikamuuliza deki gani inapigwa kitandani, akacheka, akaenda kuchemsha maji ya wanga.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeamka vifundo vya vidole vinauma. Ndoto ilikuwa ya mwizi tena, safari hii nilimkamata kola nikampa za kutosha. Nilichofanya: nimepiga pasi. Pasi ya makaa labda, kwa maumivu haya.

Mke wangu ana alama nyeusi juu ya kiwiko. Mvuke wa pasi, anasema. Nimemkumbusha kwamba mvuke huacha wekundu. Akanijibu, "Umekuwa daktari siku hizi?" Haya. Ngozi ni yake.

Ijumaa, 28 Machi

Siku ya hospitali. Tumesubiri kwenye benchi mpaka makalio yakafa ganzi. Daktari akasoma kurasa zangu, kazisogeza karibu na uso kwa sababu ya mchele wangu, mwishoni akatabasamu. "Pasi, pasi, deki, pasi. Ndoto zako zina vita, lakini mikono yako ina adabu, mzee."

Akamgeukia mke wangu. "Mama, hajawahi kukudhuru usiku? Wapo wenye ugonjwa huu wanaorusha ngumi na mateke bila kujua. Ikiwa hivyo lazima mlale vyumba tofauti, na tuangalie dawa nyingine."

"Huyu?" mke wangu akasema. "Hata nzi hampigi. Anapiga pasi tu."

Daktari akaridhika. Dawa hazikubadilishwa. Njiani mke wangu alinishika mkono muda wote, na kwa vile matope yalikuwa mengi nilidhani ni kwa ajili ya matope.

Jumatano, 2 Aprili

Mshonaji wa duka la pili amenikera. Tumegawana ukuta miaka na miaka. Chumba chake cha kulala na chetu vinapakana, na magauni yake yote ananyooshea kwangu. Wiki hii ameacha kuyaleta. Leo nimemkuta kibarazani anatazama mvua, nikamsalimu. Akaniangalia mkono unavyotetemeka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, mkono unaotetemeka hivi mchana, nguvu za usiku unazitoa wapi?"

Nikajua ni utani wa watu wazima. Nikajikaza, nikamjibu kiume: "Nguvu za usiku zipo tele, dada. Muulize mwenyewe anayezipata."

Nilitegemea acheke. Akaingia ndani na kufunga mlango. Watu wengine wanaanza utani wasioweza kuumaliza.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Shuka za wateja zinanuka uvundo. Usingizi hakuna. Pasi.

Jumamosi, 19 Aprili

Mke wangu ameamka jicho la kushoto limevimba, limefumba. Nikashtuka mpaka mkono ukaacha kutetemeka kwa muda. Akasema aliamka kwenda chooni gizani akajigonga kwenye mlango wa kabati. "Ule mlango unafunguka wenyewe," akasema.

Nikaghadhibika na lile kabati. Nikachukua bisibisi nikakaa chini kukaza bawaba. Skrubu ikaanguka, nikaitafuta, nikaishika, ikaanguka. Nilihangaika na mlango huo mpaka adhuhuri, na ukweli ni kwamba sikuona ubovu wake. Unafunga vizuri. Ukiuacha, unakaa.

Dukani wateja walikuwa wanaingia, wanamwona mke wangu, wananitazama mimi, wanachukua nguo bila kuhesabu. Mmoja aliacha shati lake hapo hapo mezani. Naona wameamua kwamba mikono hii itawaunguzia nguo. Lisemwalo lipo, na najua linasemwa wapi: upande wa pili wa ukuta, na yule mbea mwenye cherehani. Nina hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo kwa jirani.

Jumapili, 27 Aprili

Sijui nitaandika vipi, ila nisipoandika nitapasuka.

Tulikuwa dukani, tumefunga nusu ya mlango kwa ajili ya mvua. Mke wangu ananyoosha, mimi nakunja taulo, kazi pekee niliyobakiwa nayo. Akaingia shemeji yangu, kaka yake mke wangu, fundi magari, mtu mkubwa ambaye akiingia duka letu linakuwa dogo. Amelowa chapachapa. Nyuma yake kasimama mshonaji na mwavuli.

"Karibu ukae, shemeji," nikasema.

"Eti?"

"Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kumchukua dada yangu."

Nikamuuliza amchukue kwenda wapi, kuna msiba? Akanitazama kama mtu anayetafuta pa kushika ili anirushe nje. "Usinichezee akili. Unampiga dada yangu. Umri huu, na maradhi hayo, bado unampiga mkeo!"

Nikacheka. Naandika ukweli, nilicheka, kwa sababu ilikuwa sawa na kuambiwa nimeiba ndege. Katika ndoa yetu nimenuna, nimesusa chakula, nimetukana wakwe kimoyomoyo, lakini mkono sijainua.

"Nani kakwambia?"

"Mimi," akasema mshonaji, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko mkono wangu. "Nasikia kwa masikio yangu, fundi. Unanguruma, 'Leo nakuua, leo hutoki.' Halafu kishindo. Halafu mama anasema, 'Basi, basi, baba watoto, ni mimi.' Nikakuuliza kiungwana pale kibarazani, ukanijibu kwa majigambo! Muulize mwenyewe anayezipata, ulisema. Sikulala siku ile."

Nikamgeukia mke wangu ili atuondolee aibu hii. Alikuwa ameisimamisha pasi, anaitazama meza.

"Hanipigi," akasema. "Anapiga pasi."

"Pasi gani usiku?" kaka yake akauliza.

"Usingizini. Ana maradhi. Analala, mikono inafanya kazi."

"Sawa. Anapiga pasi." Shemeji akasogea, akamshika mkono taratibu, akaupandisha mkono wa gauni mpaka begani. "Na nguo ni nani?"

Kwenye mkono ule kulikuwa na alama mpya juu ya alama kuukuu, nyeusi, kijani, manjano. Nimefua na kunyoosha nguo zake zote, nikakunja na mikono yake, nisijue kilichomo ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nguo zilikuwa zake, na kinachomla ni mimi.

"Ni mimi?" nikauliza. Hakuna aliyesikia. Nikarudia mpaka wakasikia.

"Hujui unachofanya," akasema. "Macho yanakuwa yamefumba. Unampiga huyo mwizi wako. Mimi huwa nimelala mahali ambapo yeye amesimama, basi."

"Na jicho?"

"Kiwiko chako."

"Kabati..."

"Kabati halina kosa."

Niliketi juu ya mafurushi ya nguo chafu. Nikamuuliza kwa nini amenidanganya, na kwa nini amemdanganya daktari mbele yangu. Hapo ndipo naye alipopandisha, na mke wangu akipandisha hata shemeji hurudi nyuma hatua. "Ningesema, ungehama chumba asubuhi hiyohiyo! Nakujua. Na daktari naye kasema vyumba tofauti, wewe si ulisikia? Ukihama, nani anakugeuza? Utalala ubavu mmoja mpaka uoze?" Akafuta uso kwa taulo nililokunja. "Na nikikuambia umenipiga, utaogopa kulala. Asiyelala haponi. Sasa ningesema nini? Nikatafuta neno. Kupiga pasi ni kupiga vilevile. Sikusema uongo mzima."

Shemeji akasema hajawahi kusikia ugonjwa unaochagua kupiga usiku tu. Akasema ugonjwa au si ugonjwa, kiwiko ni kiwiko, safari ijayo ni jicho lenyewe au ni shingo. Na hapo nilimkubalia. Nikamwambia, "Mchukue."

"Eti?"

Hii sauti! Jambo gumu kuliko yote niliyowahi kusema, na nimelazimishwa kulisema mara mbili. "Nimesema mchukue, shemeji. Aende."

"Sichukuliwi," akasema mke wangu. "Mimi si begi."

Walibishana mpaka mvua ikapungua. Mwisho wamekubaliana kwamba atalala chumba cha watoto na kujifungia kwa ufunguo mpaka tufike kwa daktari, na shemeji atampigia simu kila asubuhi. Nimesikia ufunguo ukizungushwa sasa hivi. Mimi ndiye niliyesisitiza azungushe.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikulala, kwa kuogopa. Kama alivyosema.

Alhamisi, 1 Mei

Nina hasira na kila kitu. Na mvua, na mkono, na yeye. Miezi miwili nimemwandikia daktari uongo kwa mwandiko wangu mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa mateso ninayoyajua mimi. Pasi, pasi, deki. Dawa ingeweza kupatikana tangu Machi. Jicho lingepona bila hata kuumia. Nimemwambia hivyo leo, na sikumwambia kwa upole. Akasema, "Najua," akaendelea kupanga vibanio. Afadhali angegomba. Mtu akikujibu "najua" hasira inabaki mikononi huna pa kuiweka.

Jumatatu, 5 Mei

Hatimaye tumefika kwa daktari, na safari hii aliyeongea ni yeye. Hakutafuta neno. "Amenipiga kiwiko cha jicho, ngumi za mkono, teke la kiuno, na siku moja alinikaba." La kukabwa sikuwa nalijua. Niliangalia ukutani.

Daktari alivua miwani. "Mama, kupiga pasi ni kazi. Mimi niliomba taarifa." Kisha akatueleza. Mtu mwenye afya akiota, ubongo huufunga mwili usifuate ndoto. Kwa watu kama mimi lile fundo limelegea. Mwenye ndoto hana hatia, akasema, lakini aliye kando yake ana mifupa. Ametupa kidonge cha kumeza kabla ya kulala, ametuambia tuondoe taa na meza karibu na kitanda, na tulale mbalimbali mpaka atakapoona mabadiliko.

"Na kumgeuza?" mke wangu akauliza.

"Mtafutie kitu cha kukuitia. Sauti yake haifiki."

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda kwa mshonaji. Miguu ikagoma kizingitini kwake, nikabaki nimesimama nusu ndani nusu nje huku mistari ya kuomba radhi ikinitoka kichwani. Alikuja akanishika kiwiko, hichohicho, akanivusha.

Nilimwita mbea humu ndani, daktari, na umesoma. Nafuta. Katika mtaa mzima wateja waliangalia pembeni na kuchukua mashati yao. Huyu peke yake ndiye aliyefungua mdomo, akamnyooshea kidole jirani mgonjwa akijua atachukiwa. Nikamwambia asante kwa kunishtaki. Akasema, "Eti?" Nikasema tena. Kesho ananiletea magauni.

Ijumaa, 16 Mei

Kengele imepatikana, ile ndogo ya shaba iliyokuwa kaunta kabla wateja hawajaanza kupiga hodi kwa simu. Nalala nayo mkononi. Mwili ukikakamaa, natikisa, mke wangu anatoka chumba cha watoto, anapiga goti kitandani, ananisukuma, ananivuta, anarudi. Kidonge kinasaidia. Nimepigana siku mbili tu tangu nianze, na nimepigana na ukuta, ambao haukujeruhiwa.

Lakini yeye amekonda. Kila kengele ni kuamka, kuvaa kandambili, kuvuka ukumbi. Jana alisinzia amesimama, na pasi ikaacha alama kwenye suruali ya mteja. Hajaunguza nguo tangu nimjue. Alikaa chini akalia kwa ajili ya suruali, na sote wawili tulijua haikuwa suruali. Kaka yake amepiga simu, amesema chumba kwake kipo. Mke wangu hakumjibu sichukuliwi. Amemjibu, "Nitafikiri."

Jumamosi, 24 Mei

Mvua imekatika. Kamba zote zimejaa.

Jana usiku niliamka nimelalia nyonga ya kulia, mwili umekakamaa wote, nyonga inaungua moto. Kengele mkononi. Nikataka kutikisa, nikasikia kitu kupitia mlango: mke wangu anakoroma. Mkoromo mzito, wa mtu aliyelala na masikio yote mawili. Tangu mwaka uanze alikuwa analala na moja tu, jingine kaniachia mimi.

Nikaamua nisimwamshe. Kumbe kuamua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine, kwa sababu mkono wenyewe unatetemeka na kengele ilianza kulia yenyewe, tili tili tili. Mkoromo ukakatika. Nikapeleka mkono wa pili, polepole, jasho linanitoka, nikapata ulimi wa kengele nikaubana kwa vidole. Nikasubiri. Mkoromo ukarudi. Nikaushikilia ulimi ule mpaka dirisha likawa jeupe.

Asubuhi alikuja mbio, kandambili moja tu mguuni. "Mungu wangu, nimepitiwa! Ulilalaje?"

"Vizuri."

"Hukuita?"

"Nilijigeuza mwenyewe."

Ungemwona uso wake, daktari. Akapiga magoti, akanishika mashavu, akasema dawa inafanya kazi, alijua tu ingefanya kazi. Akampigia kaka yake simu kumwambia asisafishe chumba. Sasa hivi yuko nje anaanika, naye anaimba kwa kukosea maneno.

Sikujigeuza. Nyonga ina kidonda cha upana wa kifuniko cha chupa. Tafuta namna, godoro jingine, kidonge kingine, lolote, nawe utafute haraka, maana usiku huu nitaubana tena ulimi wa kengele. Ila ukifika kwenye ukurasa huu naye amekaa hapo pembeni yangu, nakuomba usome kimoyomoyo.